Gari la Macho na Honi ya Samaki

Wiki iliyopita binti mmoja wa Munkunyu alinipigia simu. Amemaliza chuo, ana kompyuta yake, na anataka kujitolea kuyatengenezea tovuti mashirika madogo ya huku kwetu Kasese. Akaniuliza, "Mama, nianze na programu gani?" Nikamwambia, anza na kiti. Nadhani aliona uzee umeshanipanda kichwani. Ikabidi nimweleze, na kwa kuwa mko wengi mnaoniuliza swali lile lile, bora niwaandikie wote kwa pamoja, nami nipate kunywa chai yangu kabla haijapoa.

Maana ya kiti ni hii. Kabla hujafungua kompyuta, nenda ofisini kwa hao unaotaka kuwasaidia, omba kiti, kaa pembeni, usikilize watu wanaoingia wanauliza nini. Wewe usiseme kitu. Nilipokwenda mara ya kwanza kwa kikundi cha wakulima kule Munkunyu, tayari nilikuwa nimewaandikia maneno mazito: maendeleo endelevu, kuwezesha jamii, na mengine ya aina hiyo niliyoyaokota kwenye semina. Nikapewa kiti, nikakaa. Akaingia mzee mmoja, akauliza, "Mbegu inakuja lini?" Akaingia mama na mtoto mgongoni, "Mbegu inakuja lini?" Hata polisi aliyepita kuomba maji aliuliza mbegu inakuja lini. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimeshayafuta moyoni maneno yangu yote mazito. Ukurasa wa kwanza wa tovuti ile ulisema mbegu zinakuja lini, zinatolewa wapi, na uje na gunia lako. Maendeleo endelevu tuliyaweka ukurasa wa nyuma kwa ajili ya wafadhili, maana nao wanahitaji kitu cha kusoma.

Mimi mwenyewe nilianza nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wakubwa. Nilikuwa karani katika yadi ya malori pale Bulembia, kazi yangu kupiga chapa hati za mizigo na kugombana na madereva. Mwalimu wangu wa kompyuta alikuwa Afande Thembo, mwanajeshi mstaafu ambaye huko jeshini alikuwa mtu wa redio. Alikuwa amefungua chumba cha mafunzo Kasese mjini, nyuma ya duka la vipuri, na alifundisha kama bado yuko kambini. Ukichelewa unasimama mlangoni. Ukijibu simu ya mume wako unasimama mlangoni na simu yako.

Siku niliyomwonyesha ukurasa wangu wa kwanza nilijisikia bibi harusi. Nilikuwa nimeweka salamu ndefu, aya ya Mungu, historia ya yadi yetu tangu mwanzo, na maua yanayoanguka kutoka juu. Afande akainama, akatazama, akanyooka.

"Wewe mama! Hii ni nini?"

"Ni ukurasa, afande."

"Ukurasa gani hii? Maneno mingi kama harusi! Futa!"

"Yote?"

"Yote! Anza upya! Kwa redio, mtu iko kwa vita, haina nafasi ya hadithi yako. Sema nani, sema nini, sema wapi, sema lini. Halafu nyamaza!"

Nilifuta huku machozi yananilenga. Lakini wanangu, katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijapata somo lililonifaa kuliko lile. Nani, nini, wapi, lini, halafu nyamaza. Afande yuko hai mpaka leo, anafuga nyuki huko mlimani, na tukikutana bado ananiita "wewe mama", hata mbele ya wajukuu zangu.

Baada ya kustaafu yadi nilikuwa na muda mwingi na hamu ya kazi, mchanganyiko ambao ni hatari nyumbani. Nilikuwa nimeshapanga vyombo jikoni mara nyingi hata binti yangu Hadija akaanza kuvificha. Basi nikaanza kuzunguka kwenye vikundi vya misaada: wakulima, wajane, wanaotunza yatima. Makosa mengi ninayowaonya nayo niliyafanya huko.

Kwa mfano, paswadi isikae kwa mtu mmoja. Kikundi kimoja cha vijana kilimwachia paswadi mwenzao aliyekuwa mwerevu kuliko wote. Mwerevu yule akaoa, akahamia Kampala, akabadilisha namba ya simu. Tovuti yao iliendelea kuwatakia watu heri ya Krismasi mpaka mahindi yakavunwa. Siku hizi nikimaliza kazi naandika paswadi kwenye karatasi mbili: moja kwa katibu, moja kwa mama mzima asiyeweza kuhama. Kila kikundi kina mama wa namna hiyo, mtafuteni.

Na picha, ombeni ruhusa. Tena kwa lugha ambayo mtu anaielewa, mkimwonyesha kabisa mahali picha itakapokaa. Kuna mama alinikubalia, kisha akainuka akaenda zake. Nikafikiri amekasirika. Kumbe alikwenda kuvaa kitenge chake kizuri. Akaniambia hawezi kuonekana na dunia nzima akiwa na nguo ya shambani. Nilimngoja kwa furaha, na picha ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule.

Sasa niwaambie habari ya Bwera, maana hapo ndipo nilipojifunza kazi hii kweli.

Bwera kulikuwa na chama kidogo cha kusaidia watu wenye maradhi ya macho. Mara chache, madaktari wa macho walikuwa wakifika Kasese na kufungua kambi yao huku kwetu Bulembia, wanapasua mtoto wa jicho bila malipo. Kazi ya chama ilikuwa kuwakusanya wagonjwa wa Bwera na kuwaleta. Gari lilitolewa na Hajji Sulaiti, mfanyabiashara wa uchukuzi niliyemfahamu tangu siku za yadi, mtu mwenye sauti kubwa na roho laini kuliko anavyopenda watu wajue. Mwenyekiti alikuwa Mzee Masereka, mwalimu mkuu mstaafu, naye alitaka tovuti. Hasa, alitaka tovuti yenye picha yake.

Nikamwekea. Picha ya suti, kubwa, ikijaza ukurasa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kompyuta yangu nyumbani ilifunguka mara moja. Kwenye simu za watu nilikuwa na wasiwasi, lakini sikumbishia, nilimwambia tu twende sokoni tukaione kama watu wanavyoiona. Tulikwenda kwa Biira, mwanamke mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu pale Bwera. Biira ndiye aliyekuwa akiwasomea majirani mambo ya kwenye mtandao, kwani wengi simu zao ni za vitufe. Simu yake mwenyewe ilikuwa na ufa katikati. Nikamwomba afungue tovuti ya chama.

Tukasimama. Ikaja nyeupe. Ikaja nywele za mwenyekiti. Biira akaagiza chai. Ikaja paji la uso, polepole, na Mzee Masereka ana paji pana, Mungu kambariki. Chai ikafika pua haijafika. Wanawake wa sokoni wakaanza kukusanyika kubahatisha ni nani huyo. Tulipofika kwenye masharubu, simu ikamwandikia Biira kwamba bando lake limekwisha.

Mzee Masereka alijifuta jasho. Akasema, "Toa huyu mutu! Anakula bando ya batu."

Nikamtoa huyo mtu. Nampenda mzee yule kwa hilo mpaka leo, maana wenyeviti wangapi mnawajua wanaoweza kuamuru picha yao iondolewe? Ukurasa ukabaki na maneno matupu: nani anatibiwa, nini wanatibu, gari linaondoka wapi, lini. Ulifunguka kwenye simu ya Biira kabla hajamaliza kukohoa. Jaribuni kazi yenu kwenye simu mbovu kuliko zote mtakazozipata, siku ya soko, mbele ya watu wenye haraka.

Biira alikuwa na dada yake mkubwa, Kabugho, na wote wawili waliishi pamoja kwenye kilima juu ya soko. Kabugho alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya gomesi ya harusi, na mapazia ya nusu ya Bwera. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu, kwanza la kulia, halafu yote mawili. Nilipomfahamu, cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka, na yeye alikuwa anakaa mlangoni akisikiliza watu wanavyopita. Alikuwa akinitambua kwa kukohoa kwangu. Aliniambia, "Mama Hadija, mimi sasa iko kama redio, nasikia tu."

Kambi ya madaktari ilipotangazwa, nikaandika kwenye ukurasa kwa ufupi kama Afande alivyonifunza: gari la macho litaondoka sokoni Bwera Jumatano, saa mbili asubuhi. Biira alisoma, akawaambia majirani, akamwogesha dada yake vizuri siku hiyo. Saa mbili asubuhi Hajji Sulaiti akaondoka na wagonjwa waliokuwapo. Wengine hawakuonekana, tukadhani wameogopa kisu.

Kumbe Kabugho alifika sokoni akiwa ameshikwa mkono, amevaa viatu vya kanisani, akakuta vumbi tu.

Niliposikia nilikwenda Bwera kesho yake. Biira hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Alinionyesha simu yake.

"Mi nilisoma saa mbili. Natazama simu, inaniambia iko saa moja na nusu. Tukakunywa chai. Hatukukimbia."

Nyinyi wa Kasese mjini hamjui jambo hili, na mimi pia nilikuwa silijui sawasawa. Bwera iko jirani kabisa na mpaka. Minara ya simu ya Congo inafika mpaka vitandani mwa watu. Usiku simu inalala Uganda, alfajiri upepo ukibadilika inaamka Congo, na ikiamka Congo inajirudisha nyuma saa nzima, kwa sababu kule saa zao ziko nyuma yetu. Watu wa mpakani wamezoea. Ukimwambia mtu wa Bwera tukutane saa nne, jambo la kwanza atakuuliza, "Saa ya wapi?" Anauliza hivyo kwa harusi, kwa kikao, kwa maziko. Kuuliza si ujinga, na pale mpakani ni adabu. Lakini ukurasa wa tovuti hauulizwi. Umekaa kimya, umeandika saa mbili, na kila mtu anaichukua kwa saa yake.

Nikasema basi dawa ni rahisi, nitaandika "saa ya Uganda". Nilikuwa nimeshafungua kompyuta kibandani ili nibadilishe.

Biira akatikisa kichwa. "Andika, Mama. Lakini simu yangu haisemi iko wapi. Nikiona saa mbili, nitajuaje ni ya huku ao ni ya kule?"

Hapo nikaifunga kompyuta. Kabugho alikuwa amekaa karibu yetu, mikono mapajani. Akasema bila hasira kwamba kuna mtu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ameshakuja kuipapasa cherehani yake, anataka kuinunua. Alikuwa amemwambia angoje mpaka madaktari warudi tena. "Nikikosa tena, ataibeba," akasema. "Cherehani haiwezi kukaa na kipofu. Inaoza."

Sikulala vizuri kwa muda. Kila nikifumba macho naona shuka juu ya cherehani. Niliona aibu pia, maana nilikuwa nimezoea kusifiwa. Lakini aibu haipeleki mtu kwa daktari, kwa hiyo nikafanya kile ninachowahimiza nyinyi: nikarudi Bwera nikaomba kiti. Safari hii kiti kiliwekwa mbele ya kibanda cha Biira, siku ya soko, na swali langu nilikuwa nalo kichwani. Watu hawa wenye saa mbili mbili wanakutanaje?

Jibu lilikuja likipiga honi. Kila siku ya soko gari la samaki hutoka Katunguru, na likikaribia Bwera dereva hupiga honi yake: ndefu, ndefu, fupi. Nikaona soko zima linainuka. Wanawake wenye mabeseni wakatoka kila uchochoro, wa kilimani wakaanza kushuka, hata wa upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyetazama simu. Nikamuuliza Biira, honi hii inasikika mpaka kwenu juu? Akacheka. "Mama, hata wafu banaisikia."

Tukakaa na Mzee Masereka na Hajji Sulaiti. Nikaomba safari ya macho ihamishiwe siku ya soko. Madaktari walipotangaza kurudi, nikaandika hivi: "Gari la macho linaondoka Bwera siku ya soko. Ukisikia honi ya samaki asubuhi, njoo. Tutakungoja upate kushuka." Hakuna saa hata moja. Mzee Masereka aliusoma akasema kwa mwalimu mkuu ni aibu kidogo kutangaza safari kwa samaki, lakini akapitisha.

Siku ilipofika nilikuja na Hajji tangu mapema, sikutaka kusimuliwa. Gari likaegeshwa sokoni. Wagonjwa wa karibu wakapanda: babu mmoja na mkewe, mwalimu wa chekechea, na wengine waliokuja na wasindikizaji wao. Tukangoja samaki.

Samaki hawakuja.

Jua likapanda. Wenye mabeseni wakakaa juu ya mabeseni yao. Hajji akashuka, akapanda, akashuka tena. Mwisho akaja dirishani kwangu.

"Mama Hadija, saa imefika. Daktari hawezi ngoja samaki. Adhuhuri wanafunga."

"Hajji, tumeandika."

"Nyinyi mliandika. Mimi naendesha."

"Ahadi ni deni, Hajji. Kuna watu huko juu wamekaa na viatu miguuni wanasikiliza honi. Wamesikia honi? Hawajasikia. Hawana kosa."

Babu ndani ya gari akaguna kwamba waliofika mapema ndio wanaoadhibiwa, na alisema kweli. Nikajaribu simu ya Biira: haipatikani, bila shaka imeshavuka mpaka peke yake. Nikafikiria kupanda kilima mwenyewe, lakini magoti yangu na kilima kile hatujawahi kupatana, na si Kabugho tu aliyekuwa juu, walikuwapo wengine wa vijiji vya mbali zaidi. Hajji naye akampigia dereva wa samaki, maana wenye magari wote wanajuana. Nikamsikia anafoka, kisha anapoa.

"Iko Kikorongo," akaniambia. "Tairi mbili zimepasuka. Leo labda mchana."

Tukatazamana. Nilimwona Kabugho waziwazi kichwani mwangu, amekaa mlangoni, sikio limeelekea barabarani, amemwambia Biira bado, hawajaja, tulia. Alikuwa anatuamini. Jambo hilo liliniuma kuliko tairi, kuliko madaktari, kuliko kila kitu.

Nikasema, "Hajji, honi ya samaki unaijua?"

Mwanzoni hakunielewa. Kisha uso wake mzima ukafunguka. Mtu aliyeendesha magari barabara ile tangu ujanani ataachaje kuijua? Alipanda kwenye kiti chake, akasema bismillahi, akaegemea honi: ndefu, ndefu, fupi. Akasubiri kidogo. Ndefu, ndefu, fupi!

Wanangu, mimi nimeona fujo katika maisha yangu. Nimeona madereva wa malori siku ya mishahara. Lakini sijaona kama ile. Soko lilisimama mara moja. Mabeseni yakaja mbio kutoka kila upande, mengine yakiwa juu ya vichwa, mengine yakigongana. Wakalizunguka gari letu, wakachungulia ndani, wakamkuta babu na mkewe.

"Samaki iko wapi?"

"Ngege ziko wapi, Hajji?"

"Huyu mwizi! Anatuita kwa samaki hana samaki!"

Mama mmoja alimpiga Hajji beseni begani, si kwa nguvu, lakini si kwa utani pia. Hajji anainama chini ya usukani huku anaapa kwa Mungu kwamba samaki wanakuja, wako Kikorongo, jamani mniache. Na bado mkono wake mmoja uko kwenye honi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na huku nacheka macho yangu yako kilimani.

Wakaanza kuonekana. Mzee na fimbo. Kisha wawili walioshikana. Kisha, njiani kati ya migomba, Biira na nguo zake za kazi, na nyuma yake mkono kwa mkono Kabugho, anaweka mguu mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu wa mtu anayepima kitambaa ghali. Wale wenye mabeseni waliona. Hakuna aliyewaeleza kitu. Kelele zikapungua, wakapisha njia, na yule yule aliyempiga Hajji akamshika Kabugho kiunoni akamsaidia kupanda.

Kabugho alipokaa karibu yangu akavuta pumzi, akanusa. "Hii gari haina samaki," akasema.

"Haina," nikamwambia.

"Ndiyo maana honi ilikuwa ya uongo kidogo. Ile ya pili aliivuta sana."

Tulifika Bulembia madaktari wakiwa wanakunja meza. Nesi alitutazama, akatazama saa yake, akatazama ile foleni iliyoshikana mikono. Akaita ndani, "Musifunge!" Basi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia vizuri, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha.

Tangu siku ile, dereva wa samaki alikubali kutupigia simu akichelewa, na soko lote la Bwera linamwita Hajji Sulaiti Hajji Samaki, jina analolikana akicheka. Kazi ya ukurasa nimeshamwachia Biira mwenyewe. Anauandika vizuri kuliko mimi, kwa maneno machache zaidi. Mimi nimestaafu mara ya pili, na mara hii nimestaafu kweli, isipokuwa mkinipigia simu.

Lakini kabla sijamkabidhi, nilikwenda kumsalimu Kabugho. Bandeji zilikuwa zimeshatoka siku nyingi. Shuka lilikuwa limerudi kitandani mahali pake, na mlio wa cherehani ulisikika mpaka nje ya nyumba. Aliposikia nakohoa hakugeuka, alimalizia mshono kwanza. Kisha akanitazama, mara ya kwanza, kutoka kilemba hadi viatu. Akaniambia nimezeeka kuliko sauti yangu.

Nikampa simu, nikafungua ule ukurasa. Miaka yote ile watu waliousikia ukisomwa walikuwa wengi, na wote walinisifu, maana nani atausema vibaya ukurasa asioweza kuuona? Kabugho aliushika karibu na uso, halafu akausogeza mbali, kama fundi anavyokitazama kitambaa. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akashusha kidole chini, akapandisha juu.

"Nani alikwambia njano inakaa na zambarau?"

Nikasema ni mimi.

"Hapana, Mama. Hapana kabisa. Mutu mwenye macho atakimbia."

Nilifungua kompyuta pale pale juu ya meza yake, katikati ya vipande vya sare. Nikabadilisha rangi. Nikamgeuzia aone. Akakunja uso, akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama kwa muda mrefu, na mimi nangoja kwa furaha ambayo sijui niwaelezeje.

"Bado," akasema.